Walio Chini ya Tope

Jumatatu, 16 Septemba

Kamongo wazuri leo. Wawili wanene, na mmoja mdogo niliyemrudishia udongo. Mume wangu Shabani alichimba upande wa magharibi wa dimbwi. Mimi nilichimba karibu na mgunga uliokauka. Juu tope limekuwa gumu kama sakafu. Unatafuta kitundu cha upana wa kidole. Hapo ndipo anapopumulia. Ukigonga kwa mpini wa jembe anaguna huko chini, kama mtu aliyeamshwa bila kutaka.

Mkubwa aliung'ata mpini. Meno yakazama kwenye mti. Nilimpiga rungu la kichwa mpaka mkono ukachoka ndipo akaachia. Kamongo hafi upesi. Hata nikishamkata vipande nyama inacheza kwenye beseni.

Mama mkwe hataki kumwona. Anasema samaki anayevuta pumzi si samaki. Kisu ninachompasulia hakigusi. Namheshimu. Kisu kinalala nje, kwenye kichanja cha kukaushia.

Baba alipiga simu kutoka Singida mjini. Ameuliza tena kama sijachoka na matope. Sijachoka. Dukani kwake niliuza vitambaa na nikajua majina ya rangi zote. Huku mbugani Wembere najua kilicho chini ya kila kitundu. Hiki cha chura. Hiki cha kobe. Hiki cha nyoka, usiingize mkono. Watu wanaona uwanja mkavu mpaka kule kwenye mlima wa Sekenke, wanasema hakuna kitu. Wamejaa humu chini. Napenda kujua walipo. Sijui kwa nini. Napenda tu.

Alhamisi, 19 Septemba

Dimbwi limesinyaa. Kingo zinachemka kambare. Wamebanana, wanapandana migongo ili wapate hewa.

Korongo wenye vipara wamejipanga kando. Mmoja alimeza kambare mkubwa kuliko koo lake. Kambare akawa anapigapiga ndani ya shingo. Korongo mwingine akaja kuidonoa ile shingo mpaka mwenzake akatapika. Wakararuana. Kambare akajiburuta kurudi majini na tumbo limechanika. Wenzake walianza kumla kabla hajazama.

Nilitazama mpaka jua likaniuma kichwa.

Ng'ombe wa Masunga wamekanyaga uzio wetu tena. Ni ule wa miiba na vigingi tuliouweka majini, kambare wakiingia wasitoke. Masunga ana boma ng'ambo ya dimbwi. Alikuja na mifugo yake kiangazi kilichopita, akasema anapita tu. Hajapita. Maji ni haya haya, ya kwake na ya kwetu. Shabani hajala chakula cha jioni. Ananoa panga ambalo tayari ni kali.

Jumapili, 22 Septemba

Wamepigana. Shabani alimkuta Masunga anang'oa vigingi. Hawakusalimiana. Shabani alimpiga kwa mpini wa jembe sikioni. Sikio likachanika, likaning'inia. Masunga akarudisha kwa fimbo, mdomoni. Jino moja la mbele limekwenda, la pili linacheza. Wakaanguka kwenye tope wote wawili na sikujua tena nimvute yupi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wachungaji wakaja kuwatenganisha.

Jioni Shabani alikunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Nikamwambia angeweza kumuua yule mtu.

"Ndicho nilichotaka," akasema.

Namchukia Masunga. Naandika hapa ili nisiseme mbele ya Tatu. Mtoto ana miaka tisa, anasikia kila kitu na anarudia shuleni.

Ijumaa, 27 Septemba

Sitaki kuandika hili. Naandika.

Alfajiri tulisikia ng'ombe analia. Wa Masunga, amezama kwenye tope laini karibu na maji, miguu yote. Fisi walishamfikia kwa nyuma. Wao ni wepesi, wanajua pa kukanyaga. Walimla akiwa hai. Kiwele kwanza, kisha wakaingia ndani. Mbele kichwa kilikuwa kizima. Masikio yanafukuza nzi.

Masunga alikuwa peke yake, ana kamba tu. Alituita. Alimwita Shabani kwa jina lake. Shabani aliweka jembe chini, akachuchumaa, akawasha sigara. Nikasema twende. Akasema, "Kaa." Nikakaa.

Masunga akalala kifudifudi, akatambaa juu ya tope mpaka kwa ng'ombe wake, akamkata koo. Fisi walirudi nyuma kidogo tu. Walimsubiri amalize.

Alipotoka alikuwa mweusi mwili mzima, macho tu yanaonekana. Alipita karibu yetu.

Mchana tope lilikuwa limeanza kumfunika ng'ombe. Kambare walikuja kwa chini, ngozi ikawa inatikisika kana kwamba anapumua. Vyura wakakaa pembeni kula nzi. Watammaliza.

Nilikaa. Nimeambiwa kaa, nikakaa.

Jumatano, 2 Oktoba

Mbuzi wa Masunga amepotea wakati wa kunyweshwa, yule jike mwenye kengele. Hakuna damu. Hakuna mfupa. Fisi huacha kitu.

Masunga amekuja nyumbani na panga mkononi. Mama mkwe alikuwa anatwanga. Akamwamkia kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwanao ni mwizi, mama. Nimekuja kumchukua."

Shabani akatoka ndani na shoka. Mama mkwe alichomoa mchi kwenye kinu akasimama katikati yao. Ni mfupi, hafiki mabegani mwa yeyote. Akasema atakayenyanyua mkono kwanza atampasua kichwa, hata kama amemzaa yeye. Kisha akaendelea kwa Kinyiramba, haraka haraka. Masunga haelewi Kinyiramba, lakini alielewa.

Aliondoka. Getini kwenye miiba akageuka, akasema watakutana kwenye tope.

Tatu alikuwa amejificha chini ya kitanda. Kajikojolea. Nilimwogesha.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimeona mburuzo kwenye kingo, chini ya mgunga mkavu. Mpana kama beseni, umenyooka mpaka majini. Pembeni nyayo zina kucha. Nikasema kenge mkubwa. Wapo wakubwa huku.

Nilimwonyesha Shabani. Hakutazama. Anawaza kukutana kwao tu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mkono wa kushoto huu. Herufi kama za Tatu alipoanza darasa la kwanza.

Wa kulia haupo.

Haikuwa kenge.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimerudi nyumbani jana kutoka hospitali. Naandika kidogo kidogo.

Ilikuwa Jumamosi ile, siku moja baada ya kuona mburuzo, mchana. Nilichuchumaa niondoe tope mikononi. Shabani alikuwa nyuma yangu na jembe. Masunga ng'ambo, ananywesha. Walikuwa wanatazamana wao, nikajua leo wataumizana. Nikatia mkono wa kulia majini. Maji hayakutikisika. Sikuona kitu.

Kwanza haikuuma. Ilikuwa uzito tu.

Mkono umechoka.

Jumapili, 27 Oktoba

Naendelea.

Alinivuta, nikaanguka kwa uso. Kushoto nikashika mzizi wa mgunga. Akajizungusha. Mfupa ulilia. Niliusikia ndani ya kichwa, si kwa masikio. Maji yalikuwa mdomoni, tope na damu, ladha yake ninayo hadi sasa. Nikageuza shingo.

Nikaona miguu ya Shabani. Iko ukingoni, ndani ya sandali za tairi. Jembe liko pembeni yake, limesimama wima. Miguu haikusogea. Nilimwita. Najua nilimwita.

Kisha miguu mingine ikapita, mbio, peku. Ikaingia majini.

Ni Masunga. Alimlalia mamba mgongoni. Akamtia ncha ya fimbo kwenye jicho, akaisukuma kwa kifua, kwa uzito wake wote. Mamba akageuka. Akaachia, lakini akaondoka na kilichokuwa mdomoni.

Masunga alinifunga kwa shuka lake. Alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Alikimbia pembeni yao mpaka kwenye lami akiwapiga, akasimama katikati ya barabara mpaka lori likasimama. Nilikuwa macho njia nzima ya kupanda mlima. Shabani alikuwa ameshika kichwa changu. Alikuwa analia. Sikumtazama.

Hospitali walinikata chini ya kiwiko. Walinihudumia vizuri. Muuguzi mmoja alikuwa ananisuka nywele bila kuombwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Wageni kila siku. Shabani anawasimulia. Alivyoruka. Alivyomshika mamba taya. Leo nilimsikia kupitia ukuta. Anasimulia vizuri, hadi sauti ya maji anaitoa. Wanasema Mungu amlinde mume kama huyo.

Ningekuwa na mikono miwili ningemtupia sufuria.

Vidole ambavyo sina vinawasha. Mama mkwe ananiogesha kama mtoto mchanga. Jana alisema kwa upole nisilie mbele ya mume, anaumia kuliko mimi.

Jumapili, 3 Novemba

Masunga amekuja na maziwa. Sikio limepona vibaya, limejikunja. Alimwamkia mama mkwe, akakaa karibu na mlango.

Kulikuwa na wageni kutoka Misigiri. Shabani alikuwa katikati ya hadithi yake. Alipomwona akasita kidogo tu. Akaendelea. Akasema mimi nikaruka, mimi nikamtia fimbo jichoni. Masunga akanywa chai. Alitazama ndani ya kikombe. Hakumkatiza.

Nilimtazama Shabani mpaka akaniona. Akageuza uso, akawaongezea wageni chai.

Wakati wa kuaga Masunga alisema, "Pole, mama Tatu." Nikasema asante. Ndiyo maneno yote niliyompa mtu aliyenitoa mdomoni mwa mamba.

Ni Shabani ninayemchukia. Nimeliandika. Halitoki sasa.

Jumatano, 6 Novemba

Mtoto wa kike wa jirani alivutwa kanga leo akichota maji. Kanga imekwenda, mtoto amebaki. Mwenyekiti wa kitongoji amewapigia watu wa wanyamapori. Wamesema Jumamosi.

Tatu nimemkataza kufika majini. Nilimkataza kwa kofi, la kushoto. Sikukusudia kumpiga kwa nguvu namna ile. Amelala na alama shavuni.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemwona mamba akifa. Nilitaka kwenda, mama mkwe akakataa, nikaenda. Masunga alinipandisha kwenye mkokoteni wake, nikakaa juu ya magunia.

Tundu lake liko kwenye ukingo, chini ya mgunga mkavu. Chini ya mizizi niliyoishika. Wiki zote zile nilichimba kamongo juu yake. Nilitembea juu ya paa lake.

Askari wa wanyamapori mmoja, ana bunduki. Alipiga risasi ndani ya tundu, hakutoka. Basi wanaume wakaanza kutoboa kwa juu, kwa sururu. Shabani alichimba kuliko wote. Hakupokezana na mtu. Walipotoboa, ikatoka harufu. Wakaingiza mti mrefu. Ukakamatwa humo ndani, ukavunjwa kama muwa. Wakaingiza mwingine. Alipoung'ang'ania wakapitisha kamba kwenye taya, wakafunga ng'ombe wa Masunga, wakavuta.

Alitoka akipiga mkia. Kijana mmoja alipigwa miguu yote akaruka juu na kuanguka kwa mgongo. Jicho moja la mamba lilikuwa limeoza. Lile la fimbo. Askari akampiga risasi nyuma ya kichwa, karibu kabisa. Akatulia.

Shabani hakutulia. Alimpiga shoka kichwani, tena na tena. Vipande vya mfupa vikaruka. Askari alimwambia inatosha. Akaendelea. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka. Mwisho Masunga alimshika mikono kwa nyuma, akamkumbatia hivyo mpaka shoka likaanguka.

Ni jike. Walipasua tumbo. Mawe, manyoya, kwato, na ile kengele ya mbuzi. Masunga aliiokota, akaifuta kwenye nyasi, akampa Shabani. Hakusema neno la wizi. Shabani aliishika kama kitu cha moto.

Mkono wangu haukuwemo. Sijui nilitarajia nini.

Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi Shabani aliniletea jino. Amelitoboa, amelitia uzi. Akataka kunivisha shingoni.

Nikamwambia, "Niliona miguu yako."

Alibaki ameshika uzi. Mdomo wazi, pengo linaonekana. Nilisubiri akane. Ningefurahi akane, nimpige. Hakukana. Aliweka jino juu ya meza akatoka. Kutwa nzima hayupo.

Nilidhani nikilisema nitapata nafuu. Sikupata.

Jumapili, 17 Novemba

Shabani analala jikoni kwa mama yake, juu ya gunia. Mama mkwe alidhani mimi ndiye niliyemfukuza. Hakunisemesha wiki nzima. Aliniogesha bila neno, akinisugua kwa nguvu.

Leo mjomba wa Shabani alikuja, na Masunga pia. Mjomba akataka kusikia kutoka kwa mwenyewe. Shabani akaanza. Nilikuwa karibu, nimechuchumaa, napepeta mchele kwa mkono mmoja na goti. Alifika pale pa kuruka. Tukasikia kuku.

"Si kweli, mjomba," akasema. "Mimi nilisimama. Miguu ilikataa. Aliyeingia ni huyu."

Alimwonyesha Masunga kwa kidevu.

Mjomba akatazama chini. Mama mkwe alikuwa na mwiko wa ugali. Alimpiga nao. Mtu mzima, baba wa mtoto, mbele ya wageni. Mabegani, kichwani, mgongoni, mpaka mwiko ukakatika. Shabani hakujikinga. Alikaa pale pale, mikono juu ya magoti. Damu ikashuka nyuma ya sikio. Kisha mama mkwe akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga, akaniomba radhi kwa Kinyiramba. Hajawahi kunisemesha kwa Kinyiramba. Huwa ni lugha ya kunificha mambo, ingawa nimeshajifunza kuielewa.

Masunga alisema, "Mama, hata mimi nilikuwa naogopa." Akasema alikuwa anakuja mbio si kwa ajili yangu. Alikuwa anakuja kupigana na Shabani. Alishazunguka dimbwi, fimbo iko juu tayari, ndipo akaona maji mekundu. Mbio zile zile zikamwingiza.

Nimefikiria hilo mchana kutwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Mawingu upande wa Tabora. Joto linakaba.

Nimekwenda dimbwini peke yangu. Mara ya kwanza kwa miguu yangu. Dimbwi limebaki kama uji. Kambare wamekufa juu juu, wa chini wanawala. Korongo wameshiba hadi hawaruki.

Nilisimama juu ya tundu lililobomolewa. Pembeni kuna kichuguu cha mchanga mgumu. Ndipo nikasikia sauti. Kutoka ardhini. Kama vifaranga vya kuku ndani ya tenga lililofunikwa. Nikikanyaga zinanyamaza. Nikitulia zinaanza.

Nilijua mara moja. Nilikuwa na mkono mmoja na sikuwa na kitu cha kuchimbia. Ni watoto wa yule mamba, wanamwita mama yao aje awafukue. Hana kichwa.

Nilirudi nyumbani. Sikumwambia mtu.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimelala vibaya. Kila nikifumba macho nasikia vifaranga. Nataka wafe. Nataka niwaue mimi.

Jumamosi, 30 Novemba

Nilimwamsha Shabani jikoni. Nikamwambia achukue jembe. Hakuuliza.

Mchanga ulikuwa umeganda, wasingeweza kutoka wenyewe. Akapiga jembe mara chache, akafika. Mayai, mengine yameshapasuka. Wakatoka. Urefu wa kiganja, wana mistari, macho kama ya nyoka. Wakaanza kutambaa moja kwa moja kuelekea kwenye ule uji. Hawakufundishwa na mtu.

"Niwapige?" Shabani akauliza.

"Nipe."

Nikachukua jembe kwa kushoto, nikalikumbatia kwa kigutu. Nilimpiga wa kwanza akagawanyika. Wa pili. Wa tatu nilimkosa, nikampiga tena. Mmoja alining'ata kidole cha mguu, meno kama sindano, akaning'inia. Nilimponda kwa kisigino. Nilikuwa natoa sauti, Shabani aliniambia baadaye. Mimi sikuisikia. Niliendelea mpaka bega likakataa, jembe likaniponyoka.

Walikuwa wengi bado. Wakanipita kati ya miguu.

Kisha kenge wakatoka. Sikujua walikuwa wapi. Kwenye nyufa, kwenye mashimo ya kamongo tuliyoyaacha wazi. Wakanyakua wadogo kwa viuno, wakawapigiza chini, wakameza. Korongo wakashuka. Wawili wakamvuta mmoja huku na huku. Kengewa akaja kutoka juu, akachukua, akaondoka. Ukingo mzima ulikuwa unatafuna.

Mimi na Shabani tukakaa kwenye udongo uliofukuliwa, tukatazama. Sikujisikia vibaya. Sikujisikia vizuri. Nilikuwa na kiu.

Wachache walifika kwenye tope. Walijitosa, wakatoweka. Hukuweza kuona walipoingilia.

"Hao watakua," Shabani akasema.

"Watakua," nikasema.

Akauliza kama angeingia siku ile ningemwona mtu tofauti. Nikamwambia ndiyo. Sikutaka kumpunguzia. Akatikisa kichwa kukubali. Alilia kidogo bila sauti, nikamwacha alie. Wakati wa kurudi alibeba jembe. Nilitembea mbele.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Ilianza kabla ya adhuhuri, ikapiga bati hata hatusikilizani. Tatu alitoka uani akiwa na gauni la shule, sikumkataza.

Masunga amekuja kuaga. Anahamisha mifugo juu, upande wa Misigiri, kabla maji hayajafunga mbuga. Amemwachia Tatu ndama dume, kilema wa mguu mmoja. Mama mkwe amempa mahindi. Shabani alimsindikiza mpaka mbali. Niliwaona kwenye mvua, wamesimama wanaongea, kila mmoja anatazama upande wake. Sijui walisema nini. Hakuna aliyempiga mwenzake.

Jumatano, 11 Desemba

Wembere yote ni maji. Hakuna dimbwi, hakuna kingo. Mgunga mkavu umeangukia majini, sasa ni kigogo na ndege juu yake. Kamongo wameamka. Asubuhi unawaona wanatoa pua, wanavuta hewa, wanazama.

Jua limetoka kidogo. Nimefua. Kufua kwa mkono mmoja nimeshajifunza, unakanyaga nguo ndani ya beseni, unasugua kwa kushoto. Kukamua ndiko kunakonishinda. Nilikuwa naanika zikiwa zinachuruzika.

Shabani alikuwa anatengeneza mpini karibu na mlango. Akaacha. Akaja, akashika ncha moja ya shuka. Nikashika nyingine. Akazungusha upande wake, mimi nikakaza wangu. Maji yakatoka, mengi, yakalowanisha miguu yetu sote.

Tukatikisa shuka. Tukaanika. Nikainama kuchukua nyingine.